Ukumbi uliowatoa Beatles: ubaki kituo cha afya au ugeuzwe makumbusho?

Wakuu, heshima kwenu. Litherland ni mji mdogo jirani na Liverpool, Uingereza. Kwenye ukumbi wa mji huo Beatles, bendi ya vijana wa Liverpool, walipiga usiku wa tarehe 27 Desemba 1960, na wafuatiliaji wengi wanauhesabu usiku ule kuwa ndio uliowatoa kimuziki. Jengo hilo baadaye likafanywa kituo cha afya. Wapo wanaoona ni aibu, eti lingekuwa makumbusho. Mimi nasema wagonjwa waachiwe jengo lao.

Kumbukeni hali yao wakati ule. Walikuwa wamerudi mikono mitupu kutoka Hamburg, Ujerumani, walikokwenda kupiga kwenye kilabu za usiku. George Harrison alitimuliwa Ujerumani kwa kuwa umri haukumruhusu kufanya kazi kwenye kilabu za usiku; wanabendi wenzake Paul McCartney na Pete Best wakafuata baada ya tuhuma ya kuwasha moto kule walikolala. Stuart Sutcliffe, mpiga besi wao, alibaki huko na mchumba wake, besi akashikishwa Chas Newby. Ringo Starr, mpiga ngoma wao wa baadaye, hata hakuwemo. Bob Wooler, mshereheshaji wa madansi, akawaombea kazi kwa promota Brian Kelly. Wooler alitaka pauni 8, Kelly akasema 4, wakamalizana kwa 6. Bendi nzima hiyo, jamani!

Tangazo lilisema wanatoka moja kwa moja Hamburg, baadhi ya watu wakadhani ni Wajerumani. Paul alipoanza kupasua sauti na wimbo wa Long Tall Sally, waliokuwa wakicheza wakaacha kucheza, wakasukumana hadi mbele ya jukwaa. Kelly akaona mali: akaweka mabaunsa kwenye mlango wa chumba cha wanamuziki, mapromota wenzake wasije wakamnyang'anya.

Sasa niambieni, kuta zilifanya nini hapo? Bendi nyingine za Liverpool zilipiga humo humo na hakuna aliyeacha kucheza. Kilichowabadilisha vijana wale ni Hamburg, kupiga saa nne na zaidi kila usiku mbele ya walevi.

*Mchangiaji wa kwanza:* Mkuu, hayo hayo ndiyo waliyosema kuhusu Cavern, kilabu ya Liverpool walikopiga sana Beatles. Mwaka 1973 ikafukiwa kupisha shimo la hewa la reli ya chini ya ardhi, na shimo lenyewe halikuchimbwa. Mwaka 1984 wakaijenga upya, wakatumia matofali ya zamani. Ya nini kubomoa halafu kuiga?

*Mchangiaji wa pili:* Mleta mada una hoja, ila umezidisha. Hamburg iliwanoa, sawa. Lakini nyumbani hakuna aliyejua mpaka Litherland. Bila mashahidi wa usiku ule wangebaki na ufundi wao mfukoni. Mahali napo pana haki yake.

*Mleta mada:* Mkuu wa pili, hapo umenibana kidogo, nakubali watu wa Litherland wana haki ya kujivunia. Ila Cavern si mfano. Ile ilikuwa kilabu katikati ya jiji, Beatles walipiga humo karibu mara 300, na ilivunjwa. Litherland walipiga mara 20 hivi, na jengo halikuvunjwa, linatumika. Nyumba walizokulia John Lennon na Paul, wote wa Beatles, zimeshahifadhiwa na National Trust, shirika la Uingereza la kutunza majengo ya kihistoria, watalii wanaingia. Na hao wanaokwenda kupimwa presha Litherland mtawahamishia wapi, na kwa fedha ya nani? Hilo bado hamjalijibu.