Mwaka wa ibada wa Marafiki (Wakweka) hupangwaje bila Kwaresima wala meza ya Bwana?

Neema wa Moshi

Naomba msaada wa wanaolifahamu Kanisa la Marafiki. Nililelewa katika Ulutheri, na mama yangu ndiye aliyeshona vitambaa vya madhabahu vya usharika wetu, kwa hiyo nilijua majira ya kanisa kwa rangi kabla sijajua kusoma: zambarau ikitandikwa ni Majilio au Kwaresima, nyeupe ni Krismasi au Pasaka, na kijani ni zile Jumapili nyingi za katikati. Sasa nimeolewa Vihiga, Kenya, katika familia ya Marafiki, na huu ni mwezi wa nne nikiabudu nao. Mahubiri yananijenga na nyimbo nyingi nazifahamu, lakini hakuna maji ya ubatizo, hakuna mkate wala divai, na kila tangazo ni la mkutano: mkutano wa mwezi, wa robo mwaka, wa mwaka. Baba mkwe ananiambia nitaelewa nikimaliza mwaka mzima. Ningependa kuelewa mapema, maana Jumamosi ijayo nimealikwa katika mkutano wa mwezi, na sijui kama ninakwenda ibadani au kikaoni.

Karani Mstaafu

Dada Neema, karibu kwetu. Unakwenda ibadani.

Marafiki wa kwanza, waliomfuata George Fox huko Uingereza katika karne ya 17, waliamini kwamba Kristo mwenyewe humfundisha mtu moyoni bila kupitia alama ya nje, na kwamba hakuna siku iliyo takatifu kuliko nyingine. Ndiyo maana hawakuweka majira. Sisi wa Kenya tuliipokea imani hiyo mwaka 1902 Kaimosi, kutoka kwa Wamarekani watatu, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, ambao tayari walikuwa wamezoea mchungaji, mahubiri na nyimbo. Kwa hiyo Krismasi na Pasaka tunazisherehekea kwa furaha, ila uti wa mgongo wa mwaka wetu ni mikutano. Makanisa ya vijijini huungana katika mkutano wa mwezi, mikutano ya mwezi huungana katika ule wa robo, na yote hupanda hadi mkutano wa mwaka, ambao kwetu hufanyika Agosti, shule zikiwa zimefungwa. Mkutano wa Mwaka wa Afrika Mashariki ulianza kujitegemea mwaka 1946. Leo mikutano ya mwaka nchini ni mingi, na Wakenya ndio Wakweka wengi kuliko wa nchi nyingine yoyote.

Jambo utakaloliona Jumamosi ni kwamba hatupigi kura. Karani husikiliza, huandika uamuzi papo hapo, huusoma kwa sauti, na watu huukubali au huurekebisha kabla ya kuingia jambo jingine. Niliishika kalamu hiyo miaka tisa. Mwaka mmoja tulitaka kuuza kipande cha shamba la kanisa ili tumalizie paa, na karibu wote tuliafiki. Mama mmoja mjane akasimama, akasema moyo wake hauna amani, akaketi bila kutoa sababu. Kwa kura angeshindwa dakika ileile. Tulinyamaza, nikasikia saa ya ukutani ikipiga, kisha nikaandika kwamba jambo limeahirishwa. Baada ya miezi mitatu alitueleza kwamba penye mpaka ule walizikwa watoto wa waumini wa mwanzo, na kwamba wa mwisho waliolijua hilo walikuwa yeye na marehemu mumewe. Hakuna ramani iliyoonyesha makaburi hayo. Tuliuza upande mwingine, kwa bei ndogo zaidi, na paa likachelewa mwaka mzima. Sijawahi kujutia kuchelewa huko.

Mama wa Kwaya

Mzee Karani amesema vema, ila mwaka wa Marafiki haukai ndani ya daftari peke yake. Akina mama tuna umoja wetu, wenye mikutano na kongamano lake. Vijana hukusanyika Desemba. Na mahindi yakishavunwa tuna Jumapili ya mavuno, ambapo wasio na fedha huleta debe la mahindi, mkungu wa ndizi au kuku, navyo hunadiwa uwanjani baada ya ibada. Jumapili ya kwanza ya Oktoba ni Siku ya Wakweka Duniani.

Tena ipo miaka inayoukatiza mpangilio wote. Januari 2008, baada ya uchaguzi, nchi ikiwaka moto, viongozi wa Marafiki walikutana Kakamega kutafuta namna ya kuleta amani, na mwaka huo wengi wetu tulipeleka chakula na blanketi kwa waliofukuzwa makwao, kisha tukaketi nao pamoja na majirani zao kuwasikiliza. Dada, mashauri ya amani kwetu ni sehemu ya ibada, kama mkate ulivyo kwenu.

Muuguzi, Birmingham

Naongeza kutoka Uingereza, ninakofanya kazi. Hapa Marafiki wengi huketi kimya kwa saa nzima, bila mchungaji wala wimbo. Anayesukumwa na Roho husimama, husema machache, huketi, na mwisho wazee wawili hupeana mkono. Miezi ya mwanzo niliulilia uimbaji wa kwetu Chavakali, Kenya. Lakini karani wao huandika na kusoma vilevile kama Mzee alivyoeleza.

Kila mkutano wa mwaka humalizika kwa kuandika waraka kwa Marafiki wote popote walipo, nao husomwa nchi nyingine. Jumapili moja ulisomwa hapa waraka uliotoka Kenya. Msomaji alitamka majina ya kwetu kwa shida, akasimama, akaniangalia, akaniomba nimsaidie. Nilimalizia mimi.

Neema wa Moshi

Nawashukuru nyote. Nimemsomea baba mkwe habari ya mama mjane. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba Jumamosi nikae karibu na meza ya karani ili niyasikie vizuri maneno yanapoandikwa.