Naomba ushauri: pikapu ya dizeli yagonga ikishapata moto

Salaam alaikum wakuu, mafundi hasa. Nina pikapu ya 1992, dizeli ya silinda 4, lita 2.4, yabeba mboga za soko la Kongowea, Mombasa. Asubuhi ikiwa baridi husikii ila mngurumo wa kawaida. Ikishapata moto yaanza ko-ko-ko, mlio mzito wa chini, na nikipanda Mazeras na mzigo ndiyo wazidi.

Oili na filta nimebadilisha, nikatia oili nzito ya 20W-50. Ikatulia kidogo, ikarudi palepale. Nozo (za kunyunyiza dizeli ndani ya silinda) zimepimwa, moja ilikuwa yadondosha, nikaweka mpya, wapi. Kisha tukalegeza nati za paipu za nozo moja moja injini ikiunguruma, kuikatia kila silinda dizeli kwa zamu: tulipofika silinda ya 3, mlio karibu upotee. Taa ya oili haiwaki, ingawa taa hiyo siiamini, huwaka presha ikiwa imeshakwisha.

Fundi wa kwanza asema ni beringi za konrodi, ule mkono unaounga pistoni na kranki (shafti kuu ya injini). Wa pili ataka kuanza na taiming ya pampu, yaani wakati inaporusha dizeli. Mie namsikiza wa kwanza, maana taiming ingegonga silinda zote, tena hata baridi.

Je, nikipima presha ya oili kwa geji injini ikiwa moto, yatosha kuthibitisha ni beringi kabla ya kushusha sampu (bakuli la oili chini ya injini)? Na kranki ikiwa imekwaruzika, bora kuchonga na kutia beringi za 0.25 (nene kidogo, za kranki iliyochongwa), au kutafuta injini nyingine kuukuu?

Kwa sasa nimeiegesha, sitaki konrodi itoboe bloku.