Mjadala: Umebanwa na madeni, watoto waendelee na shule ya kulipia au warudi Kayumba (shule ya serikali)?

Mleta mada

Wadau habari za jioni, wakubwa shikamooni.

Naleta hili kwa sababu nimechoka na ushauri wa sukari na vocha. Mtu akiambiwa abane matumizi anaanzia jikoni: punguza nyama, acha soda, zima taa. Mimi nasema kwa mfanyakazi mwenye watoto mjini, pesa nyingi inaishia shuleni, na huko ndiko hakuna anayethubutu kugusa.

Hesabu zangu hizi hapa. Mtumishi wa umma, naishi Mbagala, Dar, mshahara wa msingi 1,200,000. PSSSF, mfuko wa pensheni, asilimia 5 inaondoka na 60,000. Bima ya afya asilimia 3, ni 36,000. Kodi 170,000. Bodi ya Mikopo, deni la chuo, asilimia 15, yaani 180,000, hao bado nipo nao sana. Inabaki 754,000, halafu benki inakata 310,000. Kinachoingia kwenye akaunti ni 444,000. Sheria inataka nibaki na angalau theluthi ya mshahara wa msingi, ambayo kwangu ni 400,000, kwa hiyo kuna 44,000 inayoonekana "iko wazi". Kwa ajili ya hiyo 44,000 afisa mikopo ananipigia kila mwisho wa mwezi: "Dada, hutaki kuongeza kidogo?"

Mume wangu fundi aluminiamu. Mwezi mzuri analeta 700,000, mwezi mbaya 300,000.

Watoto wawili, mwaka huu wa 2025 wako la nne na la kwanza, mchepuo wa Kiingereza. Ada 1,400,000 kwa mwaka kila mmoja. Basi la shule 50,000 kwa mwezi kila mmoja, miezi kumi. Jumla 3,800,000 kabla ya sare, madaftari na safari ya Bagamoyo ambayo ukikataa mtoto analia wiki nzima. Ukigawa kwa mwezi ni kama 317,000. Kodi ya nyumba yetu ni 180,000.

Mbali na benki nadaiwa kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, 800,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Kila mwezi napeleka 80,000 ya riba na deni lenyewe halijatikisika. Kuna Mangi wa dukani, kuna mikopo miwili ya mtandaoni. Ya kikoba nilichukua Januari, na Januari kila mzazi anajua kuna nini.

Hoja yangu: mzazi anayekopa kwa riba ili alipe ada, shule hiyo imemzidi, akubali. Januari wote wawili warudi shule ya serikali, ambako hakuna ada, na hiyo 317,000 ikaue madeni. Pingeni.

Mama Mbezi

Pole mdogo wangu, ila hapana. Mimi ni zao la Kayumba, la kwanza mpaka la saba kwa Kiswahili. Naingia Form One, mwalimu wa Baolojia anashusha Kiingereza kitupu, muhula mzima natingisha kichwa kama naelewa. Waliotoka shule za kulipia ndio waliokuwa wananyoosha mikono. Wengine tulikuja kukaa sawa Form Three, wengine hawakukaa sawa kabisa, na walikuwa na akili kunizidi. Siwezi kumpitisha mwanangu njia hiyo kwa sababu ya deni la kikoba.

Kata michango. Kadi ya sendofu 50,000, harusi 100,000 ya wawili, kicheni pati na kitenge cha sare, bado ubarikio wa mtoto wa jirani. Jumlisha ya mwaka mmoja uone kama haifiki muhula wa ada.

Mleta mada

Dada, michango ya harusi nilishajitoa, na maneno nimeshayasikia. Msiba tu ndio sikwepi. Huko hakuna kitu tena cha kukata.

Mkazi wa Chanika

Na jikoni msipadharau kiasi hicho. Kuna nyumba zinanunua mkaa kwa kopo na sukari ya robo mwaka mzima, wanalipa zaidi kuliko anayenunua gunia. LUKU nayo, yaani umeme. Aliye kwenye D1, yaani anayetumia hadi uniti 75 kwa mwezi, uniti ni shilingi 100 kabla ya makato. Akipandishwa T1, kundi la watumiaji wa juu yake, ni 292. Sisi tuliweka hita ya kuogea tukapandishwa. Tumeitoa, watoto wanaoga maji ya jua.

Nesi wa Shifti

Mleta mada, hesabu yako ina tobo, na nashangaa akina mama hamjaliona.

Shule ya kulipia haikuuzii Kiingereza peke yake, inakulelea mtoto. Basi linamchukua kumi na mbili asubuhi, linamrudisha saa kumi na moja jioni, amekula. Wa la kwanza shule ya serikali anatoka mapema, mchana yuko mtaani. Wewe uko ofisini, baba yuko saiti Goba anapima madirisha. Nani yuko nyumbani? Mimi nilimrudisha wangu serikalini miaka miwili iliyopita, ikabidi nitafute dada wa kazi wa kushinda naye, ambaye kabla ya hapo sikumhitaji. Dada anakula, anaumwa, anaenda kwao Krismasi na harudi. Toa hizo gharama kwenye 317,000 yako halafu tuongee.

Baba Wanne

Nesi umeua.

Mleta mada

Nesi, hiyo kweli imeniuma kidogo. Nimekaa na kikokotoo. Dada wa kazi 100,000. Uji na chakula cha mchana 1,000 kwa siku kwa mtoto, siku ishirini, wawili, ni 40,000. Twisheni 500 kwa siku, 20,000. Jumla 160,000. Kwa hiyo ninachookoa si 317,000, ni 157,000.

Lakini angalieni. Hiyo 157,000 nikiichanganya na 80,000 ninayopeleka kila mwezi kama riba tupu, kikoba wakikubali kuhesabu riba kwenye salio, deni linaisha ndani ya miezi mitano. Kwa 317,000 lingeisha ndani ya miezi mitatu. Miezi miwili ya ziada naivumilia. Nikiendelea kama sasa haliishi kamwe.

Afisa wa Dirisha la Pili

Niko upande wa pili wa meza, nakopesha watumishi kila siku, kwa hiyo mnitukane taratibu.

Watoto waache walipo kwanza. Tatizo lako kubwa ni bei ya deni, na umebeba la bei mbaya. Asilimia 10 kwa mwezi! Benki kwa mwaka mzima inakutoza chini ya kile kikoba kinachokutoza kwa miezi miwili. Mtu mwenye hiyo 44,000 wazi anaongeza mkopo benki, analipa kikoba siku hiyo hiyo, na kwenye ile 80,000, ukitoa rejesho jipya la benki, kinachobaki ni chako kila mwezi. Watoto hawajaguswa. Kabla ya kusaini uliza mambo matatu: ada ya kushughulikia mkopo, bima ya mkopo, na kama muda unaanza upya. Hilo la tatu maafisa wengi hatulisemi tusipoulizwa.

Mwalimu wa Zamu

Hapo ndipo watumishi wanapozama, bwana afisa. Ofisini kwetu sijaona aliyeongeza mkopo akauelekeza wote alikosema. Pesa inaingia Ijumaa, Jumatatu kuna bati zimeshushwa kiwanjani na kikoba bado kinadai. Wapo ambao kadi ya benki haiko kwao, iko kwa mkopeshaji wa mtaani pamoja na namba ya siri. Mshahara ukitoka anautoa yeye, anakata chake, anamwita mwenye mshahara aje achukue kilichobaki. Wote hao walianza na "nitaongeza kidogo nilipie kile".

Nirudi kwenye mada, maana mimi nafundisha huko mnakokuita Kayumba, Temeke. Si bure kama mnavyoambiana. Ada haipo, ila kuna uji, mlinzi, mitihani ya majaribio, na twisheni ambayo mtoto asiyelipa anajikuta nje. La pili langu lina watoto zaidi ya mia, wa nyuma kabisa siwaoni vizuri. Nasema ukweli. Ila huo ukuta wa Form One anaousema Mama Mbezi umepungua urefu: kwa mtaala ulioanza Januari 2024, somo la Kiingereza linaanza la kwanza.

Kwa huyu wa la nne nina neno. Kwa mfumo mpya elimu ya msingi ni miaka sita, na 2027 la sita na la saba watamaliza pamoja. Mwanao yumo kwenye la sita hilo, kidato cha kwanza wataingia madarasa mawili kwa mpigo. Mtoto kama huyo kumbadilishia lugha ya kufundishiwa hesabu na sayansi akiwa amebakiza miaka miwili ni kumtesa. Wa la kwanza bado hajaganda. Ningekuwa mimi ningemleta huyu mdogo, mkubwa nikamwacha amalize.

Mama Mbezi

Mwalimu! Mmoja anapanda basi la njano, mwenzake anatembea kwa miguu, nyumba moja? Huo si mgogoro unaupanda?

Mwalimu wa Zamu

Mama, kwetu tulikuwa saba, wengine walisoma, wengine walichunga. Tunazikana mpaka leo.

Binti wa Tanga

Mie nilikuwa ndiye huyo wa miguu. Kaka yangu alisomeshwa shule ya masista, mie ya mtaani. Baba alinieleza sababu nilipofika la tano, kabla ya hapo nilidhani sipendwi. Wakifanya hivyo, wamwambie mtoto mapema kwa lugha anayoielewa.

Mdau wa Sheria

Kwenye mikopo ya mtandaoni mmepita haraka. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zinazokopesha bila leseni. Dada, angalia kama hao wawili wako wamo. Kwa wakopeshaji wa daraja la pili wenye leseni, wale wasiopokea amana, ukomo wa riba ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Wakikutishia kutuma ujumbe kwa shangazi na bosi wako, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na tume ya kupeleka malalamiko ipo. Ulichopokea unakirudisha, simaanishi ukimbie. Ila usilipe kwa hofu kabla ya kulipa kwa hesabu.

Baba Wanne

Tumefika mbali na hakuna aliyemuuliza shemeji fundi anasemaje. Mama ana hati ya mshahara tunaisoma mpaka shilingi ya mwisho, baba "mwezi mzuri, mwezi mbaya". Huo mwezi mzuri unaishia wapi? Nauliza kama mwanaume, nami ni fundi, najua.

Mleta mada

Kaka, umegusa penyewe. Mume wangu ndiye aliyekataa wa kwanza. Kiingereza wala hakukitaja. Alisema kanisani watauliza mbona watoto hawavai tena sweta la maruni, na wateja wakisikia wataona biashara imekufa. Nikamwambia wateja hawajui hata kama ana watoto. Tukanuniana mpaka Jumapili.

Mwezi mzuri unaishia kwenye vifaa vya kazi inayofuata, na nusu kwa wanaomdai yeye. Yake sijaiweka hapa kwa sababu hajaniruhusu.

Mkazi wa Chanika

Kwa hiyo tunajadili ada au sweta?

Mama Mbezi

Sweta nalo ni kitu, usicheke. Mimi bado nasema watoto wabaki. Ila kama ni lazima wahame, kuna shule za serikali zenye mchepuo wa Kiingereza, Olympio na Diamond pale mjini. Wazazi wanachangia, lakini si kama hizi za watu binafsi.

Nesi wa Shifti

Nafasi zake unazipata wapi sasa? Na kutoka Mbagala mpaka Upanga mtoto wa la kwanza agombanie daladala na makonda? Nauli ya mtu mzima wa kumsindikiza umeiweka?

Mleta mada

Afisa, la kuongeza mkopo nimelikataa. Hesabu yako ni sahihi, najua. Ninachojua pia ni kwamba nikiwa na laki nane mkononi na ada ya muhula iko mlangoni, itakwenda kwenye ada, na Januari nitakopa tena kikoba kile kile. Kwangu mimi chanzo ni shule, deni ni moshi wake.

La mwalimu ndilo limenikalia kichwani, mdogo aje, mkubwa amalize. Hapo ada na basi vinavyopungua ni 1,900,000 kwa mwaka, lakini dada wa kazi ni yule yule 100,000, awe analea mmoja au wawili. Kwa mwezi nabakiwa na kama 28,000 baada ya uji na twisheni. Mwalimu, hiyo haiui deni lolote! Ama wote wahame, ama nipate wa kukaa na mdogo mchana bila kumlipa laki. Mama mkwe yuko Korogwe, anapenda mjini, mume wangu anasita kumleta. Sijui anaogopa nini, mimi na mama tunaelewana kuliko yeye.

Afisa wa Dirisha la Pili

Yaani mama mkwe ndiye mkopo nafuu kuliko wangu. Nimekubali.

Binti wa Tanga

Naye akija ana matumizi, dawa za presha ziko humo? Mpigieni simu mumuulize kama anataka, msimpangie kama samani.

Mwalimu wa Zamu

Jambo moja la haraka kabla sijaingia kipindi. Uhamisho unapita kwenye PReM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa msingi, na shule mnayodaiwa inaweza kuukalia mpaka mlipe. Kwa hiyo awamu iliyobaki mwaka huu malizeni hata kwa kujinyima, msiache kiporo. Mkubwa asiguswe kabla ya upimaji wa la nne. Halafu nenda kwa mwalimu mkuu wa shule ya hapo mtaani Novemba, na cheti cha kuzaliwa cha mdogo mkononi. Ukija Januari utanikuta nje na foleni ya wazazi, na madawati yote yameshapata watu.