Eti "umeniletea mkaa?" Huyu mtu wa mapokezi ya dharura ana nini na sisi wa ambulensi?

Wakuu, naandika huku glavu bado iko mkono mmoja, makosa ya herufi mnivumilie. Simtaji. Aliyewahi kushusha mgonjwa mlangoni kwake anamjua, yule mwenye kalamu nne mfukoni na hakuazimi hata moja.

Nimefika na mzee anashika kifua. ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, tumempiga njiani, gari linaruka mashimo, na kaprinta kakaitoa safi, karatasi inatembea 25 mm kwa sekunde, mawimbi yanasomeka hata ukiwa usingizini. Namkabidhi. Yeye kwanza anajimiminia sanitaiza, chupa nzima, inachuruzika mpaka viwikoni, halafu kwa mikono hiyo hiyo inayodondosha anaishika karatasi yangu. Karatasi ya joto! Ikawa nyeusi tunaiona. Akanitazama, akapaza sauti wodi nzima isikie: "Umeniletea mkaa?"

Mkaa! Wanafunzi wa mazoezi wakacheka. Mlinzi akacheka. Binti wa mgonjwa akanikazia jicho la kunishitaki.

Ile karatasi haina wino, jamani. Imepakwa dawa upande mmoja. Ikiguswa na kichwa cha printa kilichopata moto inaandika, ikiguswa na spiriti nayo inaandika, ila inaandika yote. Ndiyo maana inafaa garini, hakuna katriji ya kukauka wala wino wa kumwagika kwenye kona. Mtu amekaa pale miaka yote hajui? Nikamtolea nyingine kutoka kumbukumbu ya mashine, akaipokea kwa ncha za vidole. Pole hakuna. Asante hakuna. MKAA!

Roli_Ya_Mwisho: Hahaha mkaa 😂 Mkuu, si wewe uliyeweka roli kinyumenyume, ikatoka nyeupe pee, ukasema printa imerogwa? Kwaruza kwa ukucha, upande unaoacha alama ndio wa kuandikia.

Mleta uzi: Ile ilikuwa zamu ya watu wengine, usinichafue. Turudi kwenye mkaa.

Bandeji: Bora yako imeungulia mikononi mwake. Sisi kuna bingwa aliacha roli zote juu ya dashibodi, jua la mchana, vioo vimefungwa. Zimeiva kabla ya kuprinti. Na kwenye daftari kasaini "zimepokelewa, hali nzuri".

Kimya_Kimya: Mzee wa kifua anaendeleaje?

Dereva_Usiku: Mna printa bado mnalia! Tableti yetu imeipenda printa ya gari la wenzetu. Tukiegesha jirani tu, Bluetooth inahamia kule. Ripoti ya mgonjwa wetu ikatokea kwao, wakaja kutuuliza huyu mjamzito wamemsahau wapi.

Roli_Ya_Mwisho: 😂😂😂 wamemtafuta mpaka chini ya kiti

Msoma_Vipimo: Mleta uzi, hata hiyo ya pili itafifia. Ikikaa kwenye mwanga au mfuko wa plastiki, maandishi yanaondoka taratibu. Pigeni fotokopi mapema. Tena msiishike na mikono yenye losheni, hizi karatasi nyingine zina BPA, kemikali inayovuruga homoni, Umoja wa Ulaya umeibana kwenye karatasi hizi tangu 2020.

Bandeji: Huyu naye nani kamwalika?

Mleta uzi: Hakuna anayeongelea kwamba ALIITA ECG MKAA mbele ya watu?

Dereva_Usiku: Tumesikia mkuu. Sasa nani kachomoa waya wa printa kwenye soketi ya 12V akachajia simu yake zamu nzima? Unajijua.

Betri_Imekata: Si mimi. Na tukianza kutajana, nani alirudisha kitanda chenye gurudumu linalovuta kushoto bila kuandika popote? Jana nusura tuingie nacho chumba cha kuhifadhia mifagio.

Bandeji: Hilo gurudumu nililiripoti. Wakaleta kitanda kingine, kinavuta kulia.

Dereva_Usiku: Soketi yangu kwanza.