"Endesha mara mbili itakubali" siyo suluhisho, acheni utani!

Wakuu, nimechoka. Unachukua mradi wa watu, unaanza kubildi (kugeuza msimbo kuwa programu), inakufa katikati: heda (faili la matamko ambalo msimbo unaliingiza) haipo. Unafungua folda, ipo! Imezalishwa baada ya kompaila (inayotafsiri msimbo) kuitafuta na kuikosa. Unarudia amri ileile, inapita. Ukiwauliza wenye mradi wanakujibu "endesha mara mbili tu mkuu". Na wameyaandika hayo kwenye maelekezo bila haya!

Make, programu ya kuongoza bildi, ipo tangu 1976 na kazi yake ni hiyohiyo: uiambie faili hili linategemea lipi, ipange yenyewe nini kitangulie. Hujaandika kwamba faili lako la .o (anachotoa kompaila) linahitaji heda inayozalishwa, itajuaje? Kwenu inapita kwa sababu kazi zinakwenda mojamoja, na ile ya kuzalisha heda imetokea kuwa juu. Mtu akiweka -j8, kazi nane zinaondoka kwa mpigo na uongo wote unaanikwa juani.

Halafu anatokea fundi anaongeza sleep 5, yaani subiri sekunde tano. Tano za nini? Siku mashine imeelemewa ikachukua saba, utaweka kumi? Mwenzake kaweka .NOTPARALLEL (inayozuia kazi kwenda sambamba) kwenye mradi mzima, sasa kompyuta yenye kori kumi na sita inatumia moja, na yeye anaita hiyo rekebisho. Mstari mmoja wa tegemezi ungemaliza kesi!

Kwenye linka, inayounganisha mafaili ya .o na maktaba kuwa programu, ndiyo usiseme. Linka ya GNU inasoma maktaba tuli (mafungu ya mafaili ya .o) kutoka kushoto kwenda kulia, na inachukua humo kile tu ambacho tayari kinadaiwa. Ukitanguliza maktaba kabla ya faili linaloihitaji, inapitwa, halafu unalia "undefined reference", yaani jina linalotumika halijapatikana. Maktaba mbili zikitegemeana, sawa, --start-group, inayoifanya linka izirudie, ipo kwa ajili hiyo (ingawa mimi ningeuvunja huo mzunguko). Lakini kubandika -l (ya kutaja maktaba) ileile mara tatu mpaka makelele yaishe? Mnapiga ramli?

GNU Make 4.4 ya 2022 imeleta --shuffle, inavuruga mpangilio makusudi. Tegemezi zako zikiwa kamili, haikugusi. Iendesheni mara kadhaa, kila mara mkianza kwa make clean (kufuta vilivyobildiwa), kabla hamjatuachia mradi. Rekebisho nimewatumia, la mstari mmoja, wamelifunga kwa maneno matatu: "kwetu haina shida".

Haina shida kwenu, kwa -j1!