Dhamana ya miaka 10 ya nyumba Nakuru: kila kinachoharibika "hakimo"

Wadau, leo naandika nikiwa na hasira, na atakayeniambia nitulie kwanza apite uzi mwingine.

Nilinunua nyumba nje kidogo ya mji wa Nakuru, upande wa kwenda Njoro. Esteti ina geti, mlinzi, ukuta, na bango kubwa pale barabarani: DHAMANA YA MIAKA 10. Ajenti aliyetuzungusha alikuwa na jibu moja kwa kila swali. Mke wangu aliuliza kuhusu dari, akaambiwa kuna dhamana. Nikauliza maji ya mvua yanaelekea wapi, maana sikuona mtaro, nikaambiwa nisijali, kuna dhamana. Cheti chenyewe kilikuja na funguo, pesa zikiwa zimeshaingia kwao. Mbele kina muhuri wa dhahabu. Nyuma kuna maandishi madogo ambayo ukitaka kuyasoma lazima utoke nje kwenye jua.

Mvua za masika zilipokolea, ufa ukatokea kwenye kona ya dirisha la sebuleni, ukapanda kimshazari hadi juu. Mlango wa chumba cha watoto ukaanza kukwama. Ukigonga tailsi za koridoni unasikia chini ni tupu. Waliojenga wakamtuma kijana wa saiti, akapiga picha kwa simu, akasema ni plasta inakauka, kila nyumba mpya hufanya hivyo. Sawa, nyufa za plasta zipo, nyembamba kama unywele, nazo zimetawanyika huku na huku. Huu wangu unaingiza sarafu ya shilingi 10. Na umeonekana upande wa pili wa ukuta, nje, mahali pale pale. Plasta gani hiyo inayopasuka hadi kwenye mawe? Wakaja kuuziba na kupaka rangi ambayo hata haifanani na ile ya kwanza, wakaondoka. Mvua ikarudi, nao ukarudi.

Hapo ndipo barua zikaanza. Ya kwanza ilisema miaka 10 ni ya "muundo" peke yake, yaani msingi, nguzo, mihimili na slabu. Ukuta haumo. Mabomba, milango, dari, rangi, vyote hivyo vilikuwa na miezi 6, nayo imekwisha. Nikawajibu kwamba ukuta unapasuka kwa sababu msingi unashuka upande mmoja, na msingi mmeuandika wenyewe. Barua ya pili ikaja na sentensi ambayo tangu niisome sijalala vizuri: uharibifu wowote utokanao na mwendo wa ardhi hauhusiki na dhamana hii.

Mwendo wa ardhi! Nakuru!

Jamani, huu mji umekaa kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, chini ya volkano ya Menengai. Udongo wetu mwingi ni majivu ya volkano: mwepesi, na maji yakipenya ndani yake udongo hubanana, unashuka. Upande wa magharibi wa mji watu wamekuwa wakiona ardhi ikifunguka baada ya mvua kubwa tangu zamani. Tetemeko la Subukia la tarehe 6 Januari 1928, lenye ukubwa wa karibu 6.9, lilipasua ardhi katika kaunti hii hii tunayoishi. Ripoti ya serikali kuhusu miamba ya eneo la Nakuru ilichapishwa mwaka 1967. Hakuna mjenzi anayeweza kuniangalia usoni aseme hakujua. Kuuza nyumba hapa na dhamana isiyohusu mwendo wa ardhi ni kumwuzia mvuvi wa Kisumu mtumbwi wenye dhamana isiyohusu maji.

Tena si kwamba hapa hapajengeki. Majumba ya zamani yapo mjini na yamesimama imara. Unachimba mashimo ya majaribio, udongo unapelekwa maabara, mhandisi anachagua msingi unaofaa, kisha unahakikisha maji ya mvua yanapelekwa mbali na ukuta badala ya kumwagika mguuni pake. Kazi hiyo inajulikana. Ina gharama, na nadhani hapo ndipo penye siri yote. Niliomba kwa maandishi nione ripoti ya uchunguzi wa udongo wa ploti yetu. Nikajibiwa kuwa ni "nyaraka za ndani". Za ndani ya nini? Nyumba ni yangu, udongo ni wangu, mkopo nalipa mimi!

Nilipotulia kidogo nikasoma ule upande wa nyuma wa cheti mstari kwa mstari, na nawaomba mfanye vivyo hivyo kama mna karatasi ya aina hii, kwa sababu mtaona alichofanya aliyeiandika. Mtu huyo anaijua Nakuru kuliko sisi. Amekaa akafikiria nyumba za huku huharibiwa na nini, kisha akavitoa kimoja kimoja. Ardhi kushuka, hakimo. Mvua ya upepo inayoingia chini ya mabati, hakimo. Heta ya sola iliyo juu ya paa ilikufa, elementi yake imevaa utando mweupe mgumu. Nikapiga simu nikijua hapa hawana pa kutorokea. Wakasema uharibifu unaotokana na "ubora wa maji" haumo.

Maji gani? Ya kisima walichokichimba wao! Hatuna mfereji mwingine. Tunawalipa wao kila mwezi, kwa mita yao. Kila mtu anajua maji ya visima vya huku yalivyo, floraidi imewapaka watoto wetu meno ya kahawia vizazi na vizazi. Wao ndio waliochagua kisima, wao ndio walioichagua heta, halafu viwili hivyo vikigombana mimi ndiye nalipia.

Sasa sikieni kuhusu bima, ndiko kunakochekesha. Benki haikukubali kunipa mkopo bila bima ya nyumba, kwa hiyo ninayo na ninailipia. Nikawasilisha madai. Wakamtuma mkadiriaji, mtu mzima, mwenye adabu, akazunguka nyumba nzima, akapiga ngoti na kuchungulia chini ya kingo. Barua ikaja: hii ni kasoro ya ujenzi, na bima yako hailipi kasoro za ujenzi, inalipa moto, radi, mafuriko, tetemeko na mambo ya ghafla ya namna hiyo. Nikaipeleka barua hiyo kwa waliojenga. Wakasema mkadiriaji amekosea, ni ardhi. Nikarudi kwa bima na barua ya wajenzi inayosema ni ardhi. Wakasema ardhi kutitia polepole si tetemeko. Ninapigwa danadana na kampuni mbili, zote zimechukua pesa yangu, na kila moja ina karatasi inayomtaja mwenzake kuwa ndiye wa kulipa.

Najua kuna watakaoniambia "miezi 6 imepita, basi". Hapana. Kile kipindi cha kasoro ni cha wao kuja kurekebisha bila mabishano, hakifuti mkataba. Sheria ya muda wa kufungua kesi inatoa miaka 6 kwa madai ya mkataba. Na kwa vitu kama heta, Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 inasema bidhaa lazima iwe ya ubora unaoridhisha, karatasi ya muuzaji iseme itakavyo. Kifungu cha 46 cha Katiba nacho kinazungumzia haki ya bidhaa na huduma zenye ubora. Hayo madai ya heta na dari hayafiki shilingi milioni 1, kwa hiyo naenda Mahakama ya Madai Madogo, ambako kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60. Ya msingi ni kubwa zaidi, hiyo itabidi wakili.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu. Aliyeuliza kama majirani wana tatizo hili: ndiyo, safu yetu nzima, isipokuwa nyumba ya mwisho iliyoko juu kidogo. Mmoja ameufunika ufa kwa kabati la vyombo kwa sababu anataka kuuza. Simlaumu sana, ila atakayenunua agongegonge kuta kabla ya kutoa dipoziti.

Aliyesema nishukuru angalau nina nyumba, wengine wanapanga: ndugu yangu, mpangaji ukuta ukipasuka anahama. Mimi nina benki miaka mingi ijayo.

Dada aliyependekeza Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, asante. Malalamiko nimeyapeleka, pamoja na picha na barua zote. Kaunti pia nimeiandikia nikiomba nakala ya ramani zilizoidhinishwa na cheti cha kuruhusu watu kuhamia, kwa sababu nataka kujua nani alisaini akiwa amesimama juu ya udongo huo.

Ninachohitaji kwenu sasa ni kimoja. Nani anamjua mhandisi wa miundo aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi, anayefanya kazi Nakuru au hata Eldoret au Kisumu, ambaye hali mkate wa hawa waendelezaji? Nataka achimbe kando ya msingi, apime, aandike ripoti inayosimama mahakamani. Majirani wanne tumekubaliana kuchanga. Mniandikie faraghani.

Na wewe uliyefungua akaunti leo asubuhi ili uniombe "kwa nia njema" nifute uzi: sifuti. Mwambie bosi wako alete ripoti ya udongo.