Kamera 14 za depo: nizipange namna gani?

Mama Depo, Kamalondo
Jambo wote. Niko na depo ya vinywaji hapa Lubumbashi, kamera 14, majina ni CAM1, CAM2 hivyo hivyo mpaka mwisho. Juzi makasha ya bia yalipungua, nikakesha nafungua kamera moja moja. Kijana wangu anasema nizigawe kwa jengo: ofisi, hangari, kiwanja. Ni sawa?

Fundi wa Katuba
Hapana, yaya. Mwizi hafuati jengo, anafuata njia. Ndani ya programu ya kamera, fanya kikundi "Njia ya kasha": lango, pa kupakulia, mlango wa hangari, kaunta. Zipange kwa mfuatano huo kwenye kioo. Mtu akitoka picha hii, unamwona anaingia ile ya pembeni. Lango litie pia kwenye kikundi cha "Wageni", programu nyingi zinakubali kamera moja ikae vikundi viwili. Na ubadilishe majina! "LANGO-nje", "LANGO-ndani". CAM7 haimwambii mtu kitu saa nane za usiku.

Zamu_Kampemba
Angalieni saa kwanza. Mashini nyingi za kurekodi picha zinakuja na saa ya China, inatangulia yetu kwa saa 6. Tena umeme ukikatika na kabetri ka ndani kamekufa, tarehe inarudi nyuma miaka mingi.

Mama Depo, Kamalondo
Eh! Yangu inaandika 2000. Na ile inayotazama kuku wa jirani iingie kikundi gani?

Fundi wa Katuba
Hakuna. Igeuze itazame ukuta wako, yaya.